Maji ya korongo yamekwenda wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tunaishi Mpwapwa, jirani na korongo. Februari lilijaa hadi watoto wakashindwa kuvuka kwenda shule. Juzi mwanangu wa miaka sita kakuta mchanga mtupu, akaniuliza: "Mama, mto umekufa?" Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie haujafa, maji yamejificha mchangani. Kisha mwonyeshe, maana mtoto wa umri huo huamini macho yake. Jaza kikombe mchanga mkavu hadi ukingoni, umuulize kama kimejaa. Atasema kimejaa. Sasa mpe maji amimine taratibu: mchanga utameza karibu theluthi ya kikombe kabla hayajafurika. Yamekaa katika vinafasi vilivyo kati ya punje na punje, na korongo lenu linafanya vivyo hivyo.

Nimekulia kando ya korongo kama hilo. Kiangazi mama alifukua mchanga kwa mikono mpaka viwiko vikazama, kisha akangoja. Maji yalichuruzika polepole. Ya kwanza, yenye tope, aliyamwaga, yaliyofuata akayateka kwa kata ya kibuyu hadi ndoo ikajaa. Ubaridi wa maji yale sijausahau. Mchukue mwanao mkafukue pamoja.

Kujaa ghafla nako kuna sababu. Mvua ya kwetu huja kwa kishindo, na ardhi iliyokaukiana kwa jua haiwahi kuinywa. Maji huteleza juu yake kama juu ya bati. Mto Ruvu, tofauti na korongo lenu, hutiririka mwaka mzima kwa kuwa milima ya Uluguru hupata mvua nyingi, na misitu yake huyaachia maji kidogo kidogo.

Lakini hili mfundishe leo, usingoje masika: maji yanaweza kushuka korongoni huku kwenu jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha mbali, milimani. Wingu jeusi likitanda upande huo, watoto watoke mchangani wapande juu kabisa. Maji ya kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima, sembuse mtoto. Shule ingoje.

Akipenda habari za wanyama, msimulie tembo wa Hifadhi ya Ruaha. Mto Mwagusi ukikauka, huchimba mchanga kwa miguu na mikonga mpaka wapate maji. Wakishaondoka, wanyama wengine huja kunywa kwenye mashimo yale yale.