Kwa mnaokwenda Al-Azhar: anzeni na irabu

Wadogo zangu mliopata nafasi Cairo, hongereni. Nawaandikia hasa mliomaliza thanawi (sekondari ya dini) huku kwetu mkaingia kitivo cha Sharia. Kiarabu mnakijua, ila mmezoea vitabu vilivyotiwa irabu, zile alama za a, i na u juu na chini ya herufi. Vya chuo vingi havina.

Wengi wanaokwama kwenye fiqhi au usuli (misingi ya kutolea hukumu za fiqhi), tatizo lao hasa ni nahau: anasoma ibara nzima bila kujua nani katenda na nani katendwa. Tazameni aya ya 28 ya Surat Fatir, "Innamaa yakhsha-llaaha min ibaadihil-ulamaa." Jina la Allah limetiwa fat-ha, irabu ya a, kwa kuwa Yeye ndiye anayeogopwa; ulamaa wana dhamma, irabu ya u, kwa kuwa wao ndio wanaomwogopa, japo wametajwa mwisho. Ukidhani aliyetangulia ndiye mtenda, maana imepinduka, na si kupinduka kudogo. Kwenye msahafu irabu zinakulinda. Kwenye kitabu cha usuli unajilinda mwenyewe.

Kwa hiyo kila siku chukua mistari michache ya somo la kesho, itie irabu kwa penseli, kisha msomee mwenzio kwa sauti. Akuulize kila mahali: kwa nini dhamma hapa? Ukikosa jibu, rudi kwenye Ajurumiya, kile kitabu kidogo cha nahau. Tuliihifadhi utotoni bila kuielewa vizuri. Chuoni ndipo inapohitajika. Na ukipangiwa kuanza na masomo ya Kiarabu kwa wanafunzi wageni, usihesabu kuwa umerudishwa nyuma.

Wahadhiri wengine huchanganya lahaja ya mtaani: jimu inakuwa ga, na "qaala" utaisikia "aal". Hilo sikio hulizoea, mradi usijifungie na Waswahili wenzio tu.

Linaloniuma zaidi ni kuona haya. Kijana aliyekuwa akisalisha tarawehe kwao, akiitwa ustadhi na watu wazima, anaona vigumu kunyoosha mkono na kusema hajafahamu. Anakaa kimya, mtihani ukikaribia ananunua muhtasari na kuukariri. Pengine atafaulu kwa maqbuul, daraja ya chini ya kufaulu, lakini mwaka unaofuata somo linajengwa juu ya lile asilolielewa. Ulizeni mapema, ndugu zangu, hata kama ni swali la mtoto wa madrasa.

Na mliobakisha miezi kabla ya safari, nendeni kwa sheikh wenu na kitabu kisicho na irabu, mumwombe awasikilize mkisoma.