Unakwenda Mumbai wakati wa mvua? Tazama bahari kwanza

Juzi dada mmoja msomaji kaniandikia: "Kaka, viza imetoka, naondoka mwanzoni mwa Agosti kufuata vitambaa Mumbai. Nasikia mvua ya kule si mchezo. Nifanyeje? Na viatu gani nibebe?" Ujumbe wake umenikuta na furaha, maana mzigo wangu wa ndege umetua wiki hii mkavu, jora kwa jora, hata harufu ya unyevu haina. Wenzangu wawili waliosafirisha siku zile zile wanaanika hadi leo. Basi nimjibu hapa, na nyinyi mnaojiandaa msome.

Upepo unaoileta mvua ile sisi watu wa pwani tunaujua: ni kusi. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba unapita na kibaridi chake, mvua haba. Ukishavuka ikweta unapinda kuelekea kaskazini mashariki, unafyonza maji ya bahari njia nzima, kisha unakutana na milima ya Western Ghats imeziba njia magharibi mwa India. Unapanda, unapoa, unamwaga. Kerala mvua huanza karibu na tarehe 1 Juni, Mumbai karibu na tarehe 11, na haiagi mpaka Oktoba. Julai peke yake hupita milimita 800. Manahodha wa majahazi walikwenda India kwa kusi hiyo hiyo, lakini kilele chake walikikwepa. Leo mtu ana simu mkononi na bado anajiendea tu.

Ninalolirudia kila mwaka ni hili: Mumbai usihangaike na mawingu, hangaika na maji ya bahari. Jiji lile ni visiwa saba vilivyounganishwa kwa kufukia bahari. Mitaro yake mingi inamwaga baharini, na midomo ya mitaro hiyo iko chini kuliko maji yanapojaa. Mvua kubwa ikinyesha wakati maji yamepwa, mitaa hulowa na kukauka. Mvua hiyo hiyo ikikutana na bamvua, yaani siku bahari inapojaa kupita kawaida, maji hayana pa kwenda; yanakaa barabarani, yanaingia madukani. Tarehe 26 Julai 2005 kituo cha hali ya hewa cha Santacruz, upande wa kaskazini wa jiji, kilipima milimita 944 kwa saa 24, kiasi kisichopungukiwa sana na mvua ya Dar es Salaam ya mwaka mzima, na bahari nayo ilikuwa inajaa. Mamia ya watu walikufa. Siku hiyo hiyo Colaba, ncha ya kusini ya jiji hilo hilo, walipata milimita 73 tu. Ndiyo maana ukimpigia mtu wa Colaba akakwambia "hapa shwari", hujaambiwa kitu.

Mimi hili nililijua mapema, na bado liliniumiza kwa mkono wa mtu mwingine. Marobota yangu ya satini na lesi, oda ya harusi za watu, yalikuwa kwa wakala mmoja, ghala la chini, sakafuni. Nilimwambia kwa mdomo wangu: kesho mwezi mpevu, maji yatajaa karibu na adhuhuri, na tahadhari ya mvua ni nyekundu, pandisha mzigo. Akacheka mbele ya vijana wake. Eti mgeni anamfundisha mvua ya kwao! Kesho yake saa saba mchana maji yalikuwa magotini mle ghalani. Nilipomdai akaniambia ni kazi ya Mungu. Sawa, mvua ni ya Mungu, lakini rafu zilikuwa zake, na zilikuwa tupu. Hajanilipa hata senti, na kila mwaka ananitumia salamu za sikukuu.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla ya kukata tiketi angalia mwezi. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ndizo za bamvua. Jedwali la kujaa na kupwa liko kwenye simu, na magazeti ya kule huandika saa za maji makubwa msimu wa mvua. Oanisha saa hizo na tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa ya India: njano, chungwa, nyekundu. Chungwa na bamvua vikikutana siku moja, kaa ndani. Soko la vitambaa la Mangaldas halihami.

Mzigo usikae chini. Ghorofa ya kwanza au rafu, na kila jora lifungwe nailoni kabla ya robota kushonwa, siyo baada. Simama uone likifungwa. Nasema tena, mzigo usikae chini, hata wakala awe rafiki yako, hata awe ndugu.

Usitembee kwenye maji usiyoyaona chini. Kuna chemba hufunguliwa ili maji yashuke, na watu wametumbukia wakafa. Maji hayo pia yana mkojo wa panya, unaoleta homa. Homa ya mgunda tuliyoisikia Lindi mwaka 2022 ndiyo hiyo hiyo, na Mumbai inakuja na kila msimu wa mvua. Ukiwa na kidonda mguuni na umekanyaga maji yale, nenda kwa daktari, usingoje homa. Treni nazo husimama reli zikifunikwa, hasa upande wa Sion na Kurla, na bajaji haziruhusiwi kusini mwa jiji, kwa hiyo usipange kurudi hotelini kwa kubahatisha.

Na hapa niwaseme kidogo vijana wa biashara. Mnajua bei za vitambaa kwa moyo, mnajua dola imepanda kiasi gani asubuhi ya leo, lakini ukiuliza mwezi una siku ngapi mnatazamana. Babu zenu walikula kwa kuujua mwezi. Mungu amekupa macho, unataka aje akunyanyulie na marobota?

Viatu: ndala za mpira zenye mkanda wa nyuma. Vya ngozi viache nyumbani, vitaota ukungu ndani ya begi.