Kiatu kinagusa breki na mafuta kwa pamoja

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejiundia gari la michezo la viti viwili kutokana na vipuri vinavyouzwa kwa seti, umbo la Lotus Seven. Nafasi ya miguu ni finyu na mguu wangu ni mpana. Nikifunga breki kwa nguvu, ukingo wa kiatu unakanyaga mafuta na injini inanguruma. Rafiki yangu anashauri nipashe moto mkono wa pedali ya breki (chuma kinachobeba pedali) niupinde kushoto, halafu nifupishe kidogo. Nifuate ushauri wake?

JIBU: Marahaba. Hapana, huo mkono wa breki usiuguse. Gari za aina hii kwa kawaida hazina busta, kifaa kinachoongezea nguvu ya mguu kwenye breki, kwa hiyo siku ya dharura unausukuma kwa nguvu zako zote. Chuma kilichopashwa moto na kupindwa kwa kukisia hakiaminiki tena.

Kuufupisha nako kuna gharama yake. Tuseme kutoka ekseli ya pedali (pini inayozungukia) hadi unapokanyaga ni milimita 250, na hadi kwenye fimbo ya masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) ni 50. Nguvu ya mguu inazidishwa mara 5. Ukikata milimita 25 tu, inabaki mara 4.5, nawe utalazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi, kama asilimia 11, kupata breki ileile.

Sogeza pedali ya mafuta. Hiyo inavuta waya na springi tu, haina mzigo. Lakini kwanza funga kiti kwa bolti zake, vaa viatu vya kuendeshea, kaza mkanda. Kiti kikisogezwa baadaye, kisigino nacho kinahama na vipimo vyote vinaharibika.

Sasa kanyaga breki kwa nguvu na uishikilie, mwenzio achungulie kwa tochi. Wengi hupima pedali zikiwa zimepumzika, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu breki hushuka ikikanyagwa. Ikiwa imeshuka, uso wake ubaki juu kidogo ya uso wa pedali ya mafuta. Kama umezama chini yake, teremsha pedali ya mafuta. Kama tatizo ni upana, toboa matundu mapya uihamishie kulia, ila hakikisha kiatu hakibanwi kati yake na ukuta.

Ukimaliza, rekebisha waya upya. Pedali igonge kizuizi chake pale tu koo la mafuta (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, unaofunguliwa na waya huo) linapofunguka lote. Bila kizuizi, mguu wako unauvuta waya wenyewe hadi ukatike. Ukiachia, irudi yenyewe bila kusita.

Kama hata hivyo kiatu kinagusa, muulize mtengenezaji wa seti kama ana mkono wa breki wa umbo jingine. Ukiufunga, acha nafasi ya kucheza ya milimita 1 au 2 kwenye fimbo ya masta silinda. Ikikazwa mno, mafuta ya breki hayarudi, na breki zitajishika zenyewe zikipata joto.