Ampu ya mtumba kwa mpiga metali

Swali: Napiga gitaa la metali (ile roki nzito), naishi fleti Umoja, nimepata ampu (kikuza sauti cha gitaa) ya valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, wati 100 imetoka Marekani, bro niichukue?

Jibu: Mdogo wangu, kwanza igeuze usome volti nyuma, ikiwa ni 120 pekee ukiichomeka kwa soketi yetu ya 240 bila transfoma ya kushusha unaiunguza hapo hapo. Na wati 100 za valvu kwa fleti, hapana, hiyo mpaka uifungulie sauti sana ndio inoge. Mimi ningetafuta ampu ya Boss Katana 50, inashuka hadi nusu wati na distoshen, ule mkwaruzo wa sauti ya metali, iko ya kutosha kabisa. Ukienda kuikagua beba gitaa lako, iache iwake nusu saa, zungusha kila nobu polepole, ikikwaruza kidogo mara nyingi ni vumbi tu lakini sauti ikififia yenyewe achana nayo.