Maswali ya Wasomaji: Nani Angeweza Kumng'oa Pilato?

SWALI: Mhariri, katika kikundi chetu cha kusoma Biblia hapa Umoja, Nairobi, umezuka ubishi. Wenzangu wanashikilia kwamba Pontio Pilato alikuwa kama gavana wa kaunti, na kwamba Seneti ya Roma ingaliweza kumng'oa mamlakani jinsi Seneti yetu inavyoweza. Je, ni kweli? — Msomaji, Umoja.

JIBU: Ndugu msomaji, ukitaka kumlinganisha Pilato na mtawala wa Kenya, usimtafute miongoni mwa magavana wa kaunti 47, bali kwa yule mkuu wa mkoa wa zamani, aliyeteuliwa kutoka juu na kuwajibika kwa aliyemtuma, kwa maana liwali wa Kirumi hakupigiwa kura na watu wa jimbo lake. Hata hivyo mamlaka ya liwali yalizidi mno ya mkuu wa mkoa, kwani alikuwa hakimu mkuu na kamanda wa askari waliokuwa chini yake, na hukumu ya kifo ilikuwa mikononi mwake.

Kuhusu Seneti, wenzako wangekuwa karibu zaidi na ukweli kama wangezungumzia enzi za jamhuri ya Roma, kabla ya makaisari, wakati Seneti ndiyo iliyogawa majimbo kwa viongozi waliomaliza zamu zao Roma. Lakini mwaka 27 KK, Kaisari Augusto aliiachia Seneti majimbo mengi yaliyotulia, akabaki na yale ya mipakani yenye majeshi. Misri, iliyoilisha Roma nafaka, aliikabidhi kwa mtu asiye seneta, na maseneta wakakatazwa hata kukanyaga huko bila ruhusa yake. Yudea, jimbo la Pilato, nayo ilitawaliwa na ofisa wa tabaka hilohilo lisilo la maseneta.

Je, maliwali waliopora majimbo yao waliadhibiwa? Mahakama maalumu ya kesi hizo iliundwa mwaka 149 KK, lakini ilikaa Roma, na kwa kawaida liwali hakushtakiwa kabla ya kuondoka madarakani. Verres, aliyetawala Sisilia kuanzia mwaka 73 hadi 71 KK na kupora hata sanamu za mahekalu, alishtakiwa na Cicero, wakili na msemaji mashuhuri wa Roma, ambaye alidai kwamba mtu huyo aliyapangia mapato ya miaka yake mitatu hivi: ya kwanza yake mwenyewe, ya pili ya mawakili na watetezi wake, na ya tatu, iliyonona kuliko zote, ya mahakimu. Haya ni maneno ya mshtaki, lakini Verres alitorokea Massilia (Marseille ya leo, Ufaransa) kabla kesi haijaisha.

Pilato hakuondolewa na Seneti. Baada ya askari wake kuwaua Wasamaria waliokuwa wakielekea Mlima Gerizimu, viongozi wao walipeleka malalamiko kwa Vitellius, liwali wa Siria, naye akamwamuru Pilato aende Roma kujieleza mbele ya Kaisari Tiberio. Alipofika huko, Tiberio alikuwa amekwisha kufa, mnamo Machi mwaka 37 BK.