Umbali sio kilomita: maswali yenu ya uchumi na mahali

Maswali yamerundikana jamani, leo nachukua manne ya jinsi wanauchumi wanavyoangalia mahali na umbali.

"Kariakoo wauza vitenge wamejazana mtaa mmoja, hawauani biashara?" (Tabata)

Wanauana kidogo ila wanaleteana wateja zaidi. We mwenyewe ukitaka kitenge unapanda daladala mpaka Kariakoo sababu unajua ukikosa hapa utapata hapo pembeni, duka lililojikalia peke yake Goba ungelifuata? Na ukiulizia rangi ambayo hamna muuzaji anakwambia kaa hapo dada ipo stoo, kijana anachomoka mbio, kumbe stoo yenyewe ni duka la tatu kutoka hapo, anarudi na mzigo na bei ishapandishwa njiani 😂 Mzigo wa jirani unakuwa mzigo wako. Mchumi Alfred Marshall wa Uingereza aliandika habari hizi za kukaa pamoja mwaka 1890, mchumi wa Marekani Paul Krugman akaja kuziwekea hesabu 1991 na Nobel akabeba 2008. Ubaya mnaujua, kodi ya fremu inapaa, kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu, ndo usiseme, kwa hiyo kwenye faida ya kujazana mwenye nyumba naye anakula.

"Kwa nini mchicha wa Dar unalimwa humu humu mabondeni ila nyanya zinatoka Iringa huko?" (Kigogo)

Mchicha ukikatwa alfajiri saa nane mchana ushalala, hausafiri. Mjerumani mmoja mwenye shamba, von Thünen, alilichora hili 1826, mji katikati, mboga na maziwa karibu, nafaka mbali kidogo, mifugo mwisho kabisa maana ng'ombe anatembea mwenyewe. Ila yeye alijifanya nchi yote ni tambarare na udongo ni ule ule, sasa Ilula kule Iringa ina baridi yake na ipo barabara kuu, tenga la nyanya linapakiwa jioni asubuhi lipo sokoni. Mchoro wake mzuri lakini usiumeze mzima.

"Kiwanda cha sukari kipo porini, cha bia mjini, kwa nini?" (Moshi)

Uzito. Tani kama 10 za miwa zinatoa tani 1 tu ya sukari, nani atabeba makapi mpaka mjini? Bia karibu yote ni maji, na maji yapo kila mahali, so inapikwa walipo wanywaji.

"SGR imeisogeza Dodoma?" (Kibaha)

Kilomita ni zile zile, ila tangu 2024, kwa SGR, hii reli mpya ya treni ya umeme, Dar mpaka Dodoma ni chini ya saa nne, na umbali unaohesabika ni wa muda na nauli. Mnaosherehekea lakini, reli inavuta pande zote mbili. Moro sasa ni chini ya saa mbili, mama anaenda Kariakoo asubuhi jioni yupo kwake na begi lake la shangazi kaja, na yule mwenye fremu ya nguo pale Moro aliyekuwa anamuuzia kwa bei ya "mzigo umetoka mbali" hana tena la kumwambia.