Oili inavuja katikati ya karteri: kabla hujafungua mashine, tazama inapumulia wapi

Ndugu yangu wa Kadutu, Bukavu, nimesoma swali lako mara mbili. Moto (pikipiki) yako ya cc 150 inalowa oili kwenye ule mstari unaogawa karteri kushoto na kulia. Imeshapakwa silikoni mara mbili na bado inalowa. Fundi mmoja anataka kufungua mashine abadili gasketi, mwingine anakushauri ununue nusu nyingine ya karteri kutoka mashine iliyokufa. Mimi ni fundi hapa Goma, Majengo, mwaka wa 14 sasa, na karteri za moto zimepita mezani kwangu kuliko kitu kingine chochote. Waambie wote wawili wangoje kidogo. (Wa Dar na Mombasa: karteri ndiyo mnayoita krankesi, lile sanduku la alumini linalobeba kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), gia na oili.)

Kwanza tafuta mashine inapumulia wapi. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake ndani ya karteri, ikipanda inaivuta. Mashine ya cc 150 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, msukumo huo unapiga mara 100 kila sekunde. Ongeza na moshi wa mwako unaopenya pembeni mwa segma (ringi za pistoni), maana hakuna segma inayoziba kabisa, hata iliyotoka dukani leo. Kwa hiyo kila karteri imeachiwa njia ya kupumulia: ndani kuna vijumba vya kupindapinda ili oili irudi chini na hewa itoke, halafu mpira unaipeleka hewa hiyo kwenye sanduku la chujio. Mpira ukiziba, presha itatafuta pengine pa kutokea. Itapita kwenye sili ya kranki, au sili ya shafti ya gia, au kwenye ule mstari wako. Hapo hata silikoni ya bei gani haitakusaidia.

Mwaka wangu wa pili kazini alikuja motari (dereva wa bodaboda) wa Ndosho mwenye shida hiyohiyo. Nilifungua mashine yake mara tatu kabla mwezi haujaisha, kila mara gasketi mpya, kila mara anarudi na suruali imelowa oili. Mara ya tatu mzee aliyenifundisha alikuja, hakugusa bolti hata moja. Aliuvuta mpira wa kupumulia, akaupasua kwa wembe. Ndani mlikuwa na tope gumu kama tofali: vumbi letu hili la mawe ya volkano limechanganyika na oili. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye kishikio chake ukawa unaning'inia karibu na gurudumu. Tukaweka mpira mpya, na gasketi ileile ya tatu haikuvuja tena. Nilimrudishia yule motari pesa ya kazi mbili za mwanzo, kwa sababu hakuwa na deni nazo.

Jinsi ya kupima ni rahisi. Mashine ikiwa ya moto na imeachwa silansa (inanguruma polepole bila kuvutwa gesi), chomoa mpira pale unapoingia kwenye sanduku la chujio, ufunge sashe (mfuko wa plastiki) nyepesi mdomoni. Sashe ikivuta na kutoa kama mtu anayepumua, mashine ni nzima. Ikijaa ikakakamaa na kuwa na moshi, segma au silinda zimechoka. Ugonjwa uko juu, na karteri unaionea bure. Isipotikisika kabisa, njia imeziba. Usitumbukize mpira kwenye maji kama wanavyofanya wengine. Mashine ya silinda moja inavuta pia, itanyonya maji yaingie kwenye oili.

Kama njia ni safi na segma ni nzima, basi kweli tatizo liko kwenye mwungano wenyewe, na hapo inabidi kufungua. Lakini ujue unachofungua, kwa sababu vijana wengi wanaidhania karteri kuwa ni debe la oili tu. Chukua pistoni ya kipenyo cha milimita 56. Presha ya mwako ikifika bar 40, ambayo ni ya kawaida kabisa, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu inayokaribia tani moja. Nguvu hiyo inapita kwenye bieli (konrodi), inaingia kwenye kranki, inatua kwenye beringi mbili (rulema, kama tunavyosema hapa) zilizokaa ndani ya karteri. Wakati huohuo presha ileile inasukuma kichwa cha silinda juu, na kichwa kimeshikwa na stadi ndefu (bolti zisizo na kichwa) ambazo nazo zimeota kwenye karteri. Basi karteri inavutwa huku na huku, kila mwako, maisha yake yote. Zile mbavu unazoziona kati ya kiti cha beringi na mizizi ya stadi ndizo zinazobeba mvuto huo. Mimi huziangalia kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu kwa nini mstari uko wima: kranki ya silinda moja hukandamizwa kutoka vipande, ikaingizwa kwenye beringi kwa ubavu, kwa hiyo ni rahisi na nafuu kuikata karteri kushoto na kulia. Ubaya wake ni kwamba mwungano unapita hadi chini, palipo oili. Pikipiki za Uingereza za silinda mbili za zamani zilikatwa hivyohivyo na zilijulikana kwa kuvuja. Honda CB750 ya mwaka 1969 ilikatwa kwa mlalo, juu na chini. Yetu ni ya wima, kwa hiyo usafi wa nyuso zile mbili ndiyo kazi nzima.

Sasa nusu nyingine ya karteri. Hapa naomba unisikilize vizuri maana ndipo pesa inapopotea. Nusu mbili hukutanishwa na bushi mbili ndogo za mwongozo, na uso wa juu pale silinda inapokaa huwa nusu yake uko upande huu na nusu upande ule. Nusu mbili zisizotoka pamoja zinaweza kufungana bila shida na bado zisilingane. Mteja wangu mmoja alileta nusu aliyoinunua Birere, ya aina ileile, safi, inang'aa. Tukafunga. Kranki ilizunguka lakini kwa uzito, nikajiambia itazoea. Haikuzoea. Beringi ya kushoto ilianza kulia ndani ya miezi miwili, na oili ikatoka chini ya silinda badala ya pale pa zamani. Tulipobomoa nilipitisha ukucha kwenye uso wa silinda nikakuta ngazi kati ya nusu na nusu. Ukucha uliikuta siku hiyo. Ungeikuta hata kabla hatujafunga kama ningeupitisha.

Ukilazimika kununua, nenda dukani na nusu yako uliyonayo mkononi. Zifunge pamoja pale pale, na bushi zake, bila gasketi na bila kranki. Tazama mwanga kwenye mwungano, pitisha ukucha juu ya uso wa silinda. Muuzaji akikataa, mwachie nusu yake. Baadaye, kranki ikishaingia na bolti zimekazwa, lazima izunguke kwa vidole viwili tu.

Wakati wa kufungua, msimamie fundi wako kwa mambo haya. Asipanue karteri kwa turnevisi (bisibisi), kwani alama moja ya turnevisi kwenye uso wa alumini ni mfereji wa oili. Agonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Gasketi ya zamani alainishe kwanza, akwangue kwa mti mgumu au plastiki, halafu alaze uso juu ya kioo kinene aone kama unacheza. Gasketi mpya iwe na unene uleule wa ya kiwanda, kwa sababu unene huo ndio unaoipa kranki nafasi yake kushoto na kulia. Mtu akikata gasketi kwenye boksi la katoni, amebadili vipimo vya mashine. Silikoni, kama lazima, iwe utando mwembamba tu. Inayofurika ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la oili, na kranki inakufa kwa kiu.

Beringi mpya zisipigwe kwa nyundo. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Mimi hutia nusu ya karteri kwenye sufuria kubwa ya maji yanayochemka. Goma tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na zinatosha: kiti cha beringi cha milimita 52 kinapanuka karibu sehemu 8 za mia za milimita. Beringi iliyolala kwenye baridi inadondoka yenyewe mahali pake. Sauti ile ya "tok" ikitua naipenda mpaka leo. Halafu kausha maji yote kabla ya kutia oili.

Bolti za milimita 6 hazihitaji mkono wa mwanaume. Nm 10 hivi (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa msalaba, kwa raundi mbili au tatu.

Uliuliza pia kuhusu kuchomelea ufa. Inategemea uko wapi. Jiwe likipiga tumbo la karteri na kupasua ukuta unaoshika oili tu, fundi wa kuchomelea kwa gesi ya argoni mwenye mkono mzuri anaweza kuuziba, mradi oili iliyonyonywa na alumini imechomwa na kusafishwa kwanza, na nusu mbili zimefungwa pamoja wakati wa kuchomelea ili zisipinde. Ufa ukiwa unatoka kwenye kiti cha beringi kwenda kwenye stadi, usichomelee. Hiyo ndiyo njia ya tani moja niliyoeleza, na mimi kazi hiyo naikataa hata mteja akiongeza pesa.

Na ukishamaliza, funga sabo (bamba la kukinga) ya chuma chini ya mashine, ikae mbali na karteri kiasi cha kidole kimoja. Ikigusana nayo, jiwe litapitisha pigo lote.

Jioni hii fanya jaribio la sashe tu, bolti uziache. Uje utuambie hapa imefanya nini, na upige picha ya mpira wa kupumulia kuanzia mwanzo hadi mwisho wake.